Kifungua Mlango cha Fairuz

Jumatatu ile Bi Mwanarusi alikuwa uani kwake, mtaa wa Kuze, anasaga liwa ya kumpaka bi harusi mwilini, na hasira zilikuwa bado hazijaja. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye watu wa mtaa walizoea kunong'ona kwamba yule mama alizaliwa na ukali. Uongo mtupu. Alikuwa mpole tangu utotoni, na mabibi harusi zaidi ya thelathini wa Mji wa Kale walipita mikononi mwake bila kusikia sauti yake ikipanda. Kazi ya somo haifanywi na mtu wa makelele. Somo ndiye anayemfunza msichana mambo ya unyumba, mlango umefungwa, kila kitu kwa jina lake. Anamsinga kwa liwa, anamfukiza udi, na siku ya harusi anasimama mlangoni mwa chumba mpaka bwana harusi atoe kifungua mlango, zawadi ya kumridhisha. Asiporidhika hafungui, na hakuna mwanamume anayempita, hata awe tajiri wa namna gani.

Safari hii bi harusi alikuwa Fairuz, binti wa pekee wa Maalim Kamaludin, mwenye chuo cha Kurani karibu na Ndia Kuu. Mamake alishakufa, kwa hiyo somo wake ndiye aliyekuwa mamake wiki ile. Bwana harusi alikuwa Mzamil, mtoto wa mtaani, askari wa jeshi, aliyesoma chuoni kwa Maalim huyo huyo. Nikaha ilipangwa Ijumaa baada ya alasiri.

Hodi ilipopigwa, aliyeingia alikuwa Kaingu, kijana wa Kigiriama kutoka Kaloleni. Aliingia jeshini siku moja na Mzamil, na siku hiyo hiyo aliingia Jamaldin, mtoto wa pekee wa Bi Mwanarusi. Sasa Jamaldin alikuwa na miezi mitano ardhini, makaburini Kikowani.

"Pole mama," Kaingu alisema, akiwa bado amesimama. "Sikuweza kuja mazikoni. Walininyima likizo."

"Nishapoa, mwanangu. Ndoo, kaa kitako. Umekuja harusini?"

Kaingu alikaa, akaiangalia liwa, akaangalia vikuba vya asumini vilivyoning'inia ukutani. Alionekana kama mtu aliyemeza kitu kikubwa.

"Mama, Jamaldin alikufa na nini?"

"Kifua."

"Mimi ndiye karani wa kambi siku hizi. Faili lake nimeliona."

Bi Mwanarusi aliacha kusaga. Kifua ndilo neno alilopewa na Maalim Kamaludin siku ile daktari alipomwita pembeni na kumwambia mwanawe ana ukimwi. Alikimbilia kwa Maalim akilia, na Maalim akamwambia amwekee mwanawe stara, aseme kifua, maana kifua nacho kilikuwapo. Akasema kifua. Alisema kifua kwa majirani, kwa ndugu, kwa kila aliyekuja matangani, na Mzamil alikuwa mmoja wao, alibeba jeneza kabisa.

"Kama umeliona faili, waniuliza nini?"

"Nakuuliza kwa sababu ya Mzamil." Kaingu alishusha sauti. "Mama, pale mjini karibu na kambi kuna mwanamke. Jamaldin alimuoa. Ndoa ya siri, lakini ndoa, na mashahidi wawili. Alikaa naye mwaka, akamwacha. Yule mwanamke akakaa eda yake, miezi mitatu kamili. Eda ilipokwisha, akaolewa na Mzamil."

Jiwe la liwa lilimtoka mkononi.

"Walifanya hivyo vijana wote wa Kiislamu pale," Kaingu aliendelea. "Walisema wao si kama sisi. Sisi twaenda kwa malaya, wao huoa. Walitucheka. Na mpira hawakuutumia hata siku moja, maana nani huvaa mpira kwa mkewe? Wakitoka kwake huoga janaba, wakasali, basi."

"Hakuna aliyewaambia? Jeshi zima hilo, hakuna mtu wa kuwaambia?"

Hapo Kaingu alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kuwa ya manjano.

"Tulikuwa makuruta, mwaka wa tisini na moja. Kila Jumatano alikuja sajini wa hospitali kutufundisha maradhi ya zinaa. Wiki ya kwanza alileta picha na mpira na kigogo cha mti cha kuonyeshea. Nafikiri mmoja wa vijana aliandika nyumbani kulalamika. Wiki ya pili ikafika barua hii. Nimeikuta nikisafisha kabati la mafaili ya zamani."

Bi Mwanarusi hakuwa msomi wa hati za kizungu, lakini barua ilikuwa ya Kiswahili na mwandiko ulikuwa mzuri sana, herufi zimesimama moja moja. Aliisoma polepole kwa kidole. Sisi wazazi wa vijana Waislamu tunaomba watoto wetu waruhusiwe kutoka katika somo hilo. Wamelelewa katika dini na hawana haja ya mafundisho ya wazinifu. Chini yake mkubwa fulani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Wamekubaliwa.

Chini kabisa zilikuwa sahihi za wazazi sita. Ya tatu ilikuwa kwa hati za Kiarabu, herufi zimetetemeka kidogo. Ilikuwa yake.

Sasa alikumbuka. Maalim alipita nyumba kwa nyumba na kalamu yake. Alisema, weka sahihi hapa, Bi Mwanarusi, twawalinda watoto, huko jeshini wataka kuwafundisha uchafu. Naye akaweka, akamshukuru, akampa sahani ya kaimati apeleke nyumbani. Hakuuliza uchafu gani. Yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na wasichana na kuwaambia kila kitu bila kumung'unya, hakuuliza mwanawe ananyimwa neno gani.

"Kila Jumatano wao walikwenda kulala chini ya tangi la maji," Kaingu alisema. "Sisi tukiwaonea wivu. Tulisema wana bahati."

Basi hapo ndipo hasira zilipokuja. Hazikuja na machozi. Zilianza miguuni, zikapanda, zikamfika kooni, na Bi Mwanarusi akainuka, akajitupia buibui, akaichukua barua na kutoka bila kuaga, mikono imejaa liwa.

* * *

Maalim Kamaludin alikuwa amewaruhusu watoto wa adhuhuri na yuko peke yake chuoni, anafuta mbao. Alipoonyeshwa barua alivaa miwani, akatabasamu.

"Mwandiko wangu huu! Umeupata wapi?"

Akamwambia alikoupata. Akamwambia na habari ya mwanamke, wa kwanza nani, wa pili nani. Tabasamu la Maalim liliondoka, lakini Maalim hakuwa mtu wa kukosa neno.

"Mwanamke yule alikaa eda?"

"Alikaa."

"Basi? Ndoa halali, talaka halali, eda kamili. Zinaa hapo i wapi?"

"Sikukuuliza zinaa, Maalim. Nakuuliza maradhi."

"Mwenye kujihifadhi katika halali, Mungu humhifadhi."

"Na mwanangu je? Yeye hakujihifadhi?"

Maalim aliivua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Marehemu tulishamwekea stara. Usimfunue."

"Eda ni ya kujua tumbo la mwanamke, Maalim. Eda haijui damu. Wewe umesoma kuliko mimi na hilo wajua. Mpeleke Mzamil akapimwe kabla hujamuozesha Fairuz. Siku nne zipo. Na kama hazitoshi, harusi ingoje."

"Nimpime bwana harusi? Niambie watu harusi yangoja nini? Kumpima ni kumtuhumu, Bi Mwanarusi. Ni kumwambia kila mtu wa mji huu kwamba vijana niliowafundisha mimi..." Hakumaliza. Akaukunja uso. "Neno hili likitoka nje ya chuo hiki, nitamtafutia mwanangu somo mwingine. Leo leo."

Somo mwingine angesimama mlangoni Ijumaa, apokee bahasha yake, acheke, afungue. Kwa hiyo Bi Mwanarusi aliimeza hasira yake nzima nzima, akasema, "Vyema, Maalim," akarudi nyumbani kumalizia liwa. Kumeza kule kulimuuma kuliko msiba.

Alimtuma Kaingu kwa Mzamil. Lakini alimfunga kwa ahadi moja: asimtaje Jamaldin. Hata hapo, baada ya yote, bado alikuwa ameishikilia ile stara, na baadaye hilo alijilaumu nalo siku nyingi.

Kaingu alirudi Jumatano akitikisa kichwa. "Nimemwambia akapime. Amecheka. Ameniambia, mimi sijazini katika maisha yangu, nipime nini? Amenionyesha mikono. Kaingu, nitazame, mimi ni mgonjwa?"

Na kweli alikuwa na mikono ya kubebea magunia. Jamaldin naye alikuwa nayo.

Usiku hauhitajiki kwa mambo haya. Siku hiyo hiyo, jua likiwa juu, Bi Mwanarusi aliufunga mlango wa chumba cha bi harusi, akamkalisha Fairuz kitandani, akamweleza. Alimwambia yote, na Jamaldin akiwamo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno lile tangu hospitali, na alilitamka kwa sauti ya kawaida, vile alivyokuwa akitamka mambo mengine ya mwili.

Fairuz alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na hina mbichi miguuni, hata kusimama hakuweza.

"Baba ajua?"

"Ajua tangu Jumatatu."

"Na ataniozesha?"

"Ijumaa."

Msichana alilia kidogo, akajifuta kwa bega kwa sababu mikono nayo ilikuwa na hina. "Mimi kwa baba siwezi kusema la. Sijawahi," alisema. "Lakini Ijumaa mlango ni wako, somo. Baba hana neno mlangoni."

* * *

Ijumaa nikaha ilisomwa msikitini, halua ikaliwa, na baada ya hapo msafara ukaja na kasida na matari mpaka nyumbani kwa Maalim. Mzamil alikuwa katikati, joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, kilemba, upanga mkononi, jasho linamtiririka. Kwa sheria alikuwa tayari mume. Wanawake walipiga vigelegele nyuma ya pazia la ukumbi. Na mbele ya mlango wa chumba, juu ya kiti cha mvule, alikuwa amekaa Bi Mwanarusi.

"Salaam alaikum, somo!" Mzamil alisema, na wenzake wakacheka, maana huu ndio mchezo wenyewe. Akatoa bahasha.

"Sitaki."

Wakacheka zaidi. Akatoa ya pili. Mjomba wake akaongeza ya tatu, akasema somo huyu ghali.

"Sitaki pesa. Nataka karatasi."

"Karatasi gani, Bi Mwanarusi?"

"Ya hospitali. Ya damu yako."

Matari yalinyamaza moja moja. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa kukosea, akaacha. Maalim Kamaludin alipasua watu kwa viwiko mpaka mbele, uso umemwiva.

"Toka mlangoni!"

"Sitoki."

"Nyumba hii ni yangu!"

"Nyumba ni yako. Mlango ni wangu mpaka nitakaporidhika, na sijaridhika. Nimekwambia chuoni kwa adabu, ukanitishia. Sasa nakwambia hapa." Alisimama. Alikuwa mfupi, alimfika Maalim kifuani, lakini sauti ilikwenda mpaka barazani. "Nilisema mwanangu kafa na kifua. Niliwadanganya. Nyote mulokuja kwangu mukala khitma yangu niliwadanganya. Jamaldin wangu kafa na ukimwi."

Mwanamke mmoja alisema, "Astaghafirullah," na mwingine akamvuta mkono.

Bi Mwanarusi alihisi kama amemvua mwanawe sanda mbele ya mtaa mzima. Hakuketi. Alikuwa na hasira na Maalim, na ile kalamu yake, na yule mkubwa wa wino mwekundu aliyeona kheri kukubali kuliko kubishana na watu wa dini, na zaidi ya wote alikuwa na hasira na mwanamke aliyetia sahihi ya tatu akatoa na kaimati.

Mzamil alikuwa ameduwaa. Ule upanga ulimshuka mkononi mpaka ncha ikagusa sakafu.

"Jamaldin?" alisema. "Jamaldin alikuwa na kifua. Mimi nilimbeba."

"Ulimbeba, mwanangu, Mungu akulipe. Kosa si lako. Nilikuficha."

Bi Mwanarusi alimwona akihesabu. Hapakuwa na haja ya kumtaja mwanamke yeyote mbele ya watu. Mzamil alimjua, na aliijua ile miezi mitatu ya eda aliyoingoja kwa uaminifu, akihesabu siku kwenye kalenda. Uso wake ulipoteza rangi taratibu, kuanzia midomoni.

"Lakini nilioa," alisema. Akamgeukia mwalimu wake, si kwa ukali, kama alivyomgeukia zamani akiwa na ubao mkononi na aya imempotea. "Maalim, mimi sikuzini. Nilioa. Ulisema tujihifadhi kwa ndoa."

"Na ndivyo," Maalim alisema. "Ndivyo, mwanangu."

"Ile barua yako, wakati tuko makuruta. Ile ya kutuombea ruhusa tutoke. Kwani walikuwa wanafundisha nini?"

Maalim Kamaludin hakujibu. Watu walidhani anatafuta maneno, lakini Bi Mwanarusi alikuwa karibu, alimwona macho, akajua kwamba hana. Maalim hakujua walichokuwa wakifundisha. Hakuwahi kuuliza. Alikuwa ameikataa nzima bila kuifungua, kama Bi Mwanarusi alivyoweka sahihi bila kuuliza.

"Kaingu," Mzamil aliita. "Wewe ulikuwapo."

Kaingu alisogea mbele, kofia mkononi, Mkristo peke yake katika ukumbi wa makanzu. Akawasomea somo la Jumatano kama alivyolikariri miaka mitano nyuma. Kwamba ugonjwa huu hukaa kwenye damu miaka mingi na mwenyewe ana nguvu za kupiga kwata. Kwamba kutahiriwa si kinga ya kutegemea, na kuoga hakuuondoi. Kwamba hauulizi kama ni mke au si mke, unauliza tu nani alitangulia na huyo alitanguliwa na nani. Kwamba kuna mpira, na unavaliwa hivi. Kwamba wanaotaka kuoana wapime kwanza, wote wawili, na kupima si aibu. Alisema yote, wazee wakiangalia chini, wanawake wakisikiliza nyuma ya pazia, na hapana aliyemkatiza.

Ilichukua kama dakika kumi. Hazikuzidi hapo.

Mzamil alilivua joho, akalikunja, akaliweka juu ya kile kiti cha mvule. Juu yake akaweka upanga na kilemba. Akamwambia Kaingu twende, wakatoka kwa miguu kuelekea hospitali, yeye na kanzu yake ya harusi, na watu wakampisha njia.

Maalim alibaki amesimama. Bi Mwanarusi aliitoa ile barua kifuani akamtilia mkononi.

"Mwandiko wako mzuri," alimwambia. "Mzuri sana."

Wiki mbili baadaye karatasi ilipotoka, Mzamil hakumpelekea Maalim. Alimpelekea Bi Mwanarusi, akakaa uani kwake pale Jamaldin alipokuwa akipenda kukaa, na yeye akampikia uji bila kuuliza kitu, maana alishauona uso. Kesho yake Mzamil aliandika talaka kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mmoja barazani akauliza, kwa nia njema tu, Fairuz atakaa eda mpaka lini.

"Hana eda," Maalim Kamaludin alisema. "Mke ambaye hakuguswa hana eda."